Kushinda Barazani na Kushinda Bao

Kiswahili kina kitenzi kimoja ambacho mwanafunzi mgeni huchukua muda kukizoea. Mtu akisema, "Jana nilishinda kwa Athumani," anamaanisha kwamba alikaa huko mchana kutwa, labda akipiga gumzo na kunywa kahawa. Akisema, "Jana nilimshinda Athumani," anatuarifu kwamba walipambana na Athumani akalala. Kushinda ni kupitisha mchana mahali, na kushinda ni kupata ushindi. Wanaisimu na wabishane watakavyo iwapo hili ni neno moja lenye maana mbili au ni maneno mawili yaliyofanana kwa sadfa. Linalonishughulisha leo ni kwamba maana hizo mbili huketi kwenye meza moja kila vijana wetu wanapokusanyika kucheza, na aghalabu hazipatani.

Kitazame chama chochote cha michezo ya mezani katika shule au chuo, kiwe cha sataranji, cha drafti, cha karata au cha Scrabble. Wamo walioingia humo ili wapumzishe akili baada ya masomo. Hao hucheza huku wakizungumza, humruhusu mwenzao airudishe kete aliyoisogeza kwa pupa, humcheka aliyekosea na kuchekwa wao pia, na kengele ya chakula ikilia hawajali ni nani aliyekuwa akiongoza. Wamo vilevile walioingia ili wawe mabingwa. Hao hutaka kimya, hutaka saa ya kupimia muda, na hushikilia kwamba kete ikiguswa ni lazima ichezwe. Kundi la kwanza huwaona wa pili kuwa watu wakavu wanaogeuza burudani kuwa mtihani. Kundi la pili huwaona wa kwanza kuwa wavivu wasiouheshimu mchezo wala muda wa wenzao. Mara nyingi muhula haumaliziki kabla ya kundi moja kuhama.

Mfano ulio karibu na kazi yangu ni wa Scrabble, mchezo uliobuniwa na Mmarekani Alfred Butts katika miaka ya 1930. Una vigae 100. Kila mchezaji hushika 7 kwa wakati mmoja, na anayefaulu kuvitumia vyote 7 kwa mkupuo huongezewa alama 50. Anayecheza ili kujiburudisha hutafuta neno analolipenda, akaliweka ubaoni na kulifurahia hata likimpa alama chache. Mshindani hutafuta alama. Amekariri maneno mafupi mafupi ya herufi mbili, kama vile "aa" na "qi", kwa sababu yanapenyeza mahali ambapo maneno marefu hayaingii. Ukimwuliza maana ya "aa" huenda asikwambie kwamba ni aina ya mawe ya volkeno, na wala hana haja ya kujua. Mwenzake hung'aka, "Hilo si neno!" Yeye hufungua orodha rasmi na kumwonyesha kwamba ni neno. Wote wawili huondoka wamenuna.

Kilele cha ushindani wa namna hiyo kilionekana mwaka 2015, Nigel Richards wa New Zealand aliponyakua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa ilhali hakuwa akizungumza Kifaransa. Taarifa za wakati huo zilieleza kwamba alikuwa amekariri orodha ya maneno kwa muda wa wiki 9 hivi. Mwaka 2024 alirudia ajabu hiyo kwa Kihispania. Sisi tunaofundisha lugha tukisikia habari kama hizo hushtuka, tukauliza faida ya maneno yasiyo na maana kwa mwenye kuyatumia. Hata hivyo, kwa kanuni za mashindano bwana huyo hakukosea lolote. Katika kiwango hicho mchezo ni wa kupanga herufi, kukisia vigae vilivyobaki na kuwania nafasi ubaoni. Kumlaumu kwa kutojua Kifaransa ni sawa na kumlaumu bingwa wa bao kwa kutojua kuupanda mkomwe unaozaa kete zake.

Sasa tutazame upande wa pili. Nimewahi kuwaona wanafunzi wakiutumia ubao uleule wa Kiingereza kuundia maneno ya Kiswahili. Kwa mshindani huo ni uharibifu mtupu. Vigae vya Kiingereza vina K moja tu, nayo imepewa alama 5 kwa kuwa herufi hiyo ni adimu katika lugha hiyo, hali katika Kiswahili K imo katika "ku", "ki", "ka" na kila pembe ya sentensi. A ziko 9 pekee, nazo huisha upesi. Q na X huwa mizigo isiyobebeka. Kama pambano, mchezo huo hauna haki. Kama somo la fonolojia linalofunzwa kwa kicheko, sijui mwalimu angetaka nini zaidi, kwani vijana wale walikuwa wakigundua wenyewe kwamba kila lugha hugawa sauti zake kwa mizani yake.

Basi kosa liko wapi? Johan Huizinga, mwanahistoria wa Uholanzi, katika kitabu chake "Homo Ludens" cha mwaka 1938, alieleza kwamba jamii humsamehe mdanganyifu wa mchezo kwa urahisi zaidi kuliko inavyomsamehe mvurugaji. Mdanganyifu angalau hujisingizia kuziheshimu kanuni. Mvurugaji huuvunja ulimwengu mzima wa mchezo. Katika vyama vyetu, pande zote mbili huwa hazidanganyi. Ila kila upande machoni pa mwenzake ni mvurugaji, kwa sababu kila mmoja anaishi katika ulimwengu wake. Yule anayetaka kurudisha kete na yule anayemkatalia hawabishani juu ya kanuni iliyoandikwa. Wanabishana juu ya jambo ambalo halikusemwa kabla ya mchezo kuanza.

Waswahili wanalielewa jambo hili kutokana na utani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya watu, hata msibani, nawe ukacheka. Maneno yaleyale yakitoka kwa mtu asiye mtani wako ni matusi, na huenda yakakufikisheni kwa mzee wa mtaa. Tofauti haimo katika maneno. Imo katika mkataba uliotangulia maneno, ambao kila mmoja anaujua. Mchezo nao ni hivyo hivyo. Kumshinda mtu mara 5 mfululizo bila huruma ni heshima iwapo mmekubaliana kushindana. Iwapo yeye alikuja kushinda tu, yaani kupitisha mchana, ni ukatili.

Wazee wetu wa Pwani na visiwani hawakuuacha mkataba huo hewani. Mchezo wa bao una mashimo 32 katika safu 4, na kete 64. Lakini yapo mabao ya namna mbili. Katika bao la kujifunza, kila shimo huwekwa kete 2 na mchezo ukaanza papo hapo. Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni na 22 mkononi, akaziingiza moja moja katika hatua ya namua kabla ya kufikia mtaji. Hilo la pili lina kina cha kutisha; mtafiti Alex de Voogt aliandika tasnifu nzima, iliyochapishwa mwaka 1995, kuhusu umahiri wa mabingwa wake. Tazama hekima iliyomo katika majina. Anayeomba bao la kujifunza amekwisha kutangaza anachokitaka, na hakuna aibu ndani yake. Anayeketi kwenye bao la Kiswahili mbele ya fundi amekubali kuadhibiwa.

Nisieleweke kwamba baraza ni pepo. Kwa sehemu kubwa limekuwa la wanaume, na ndimi za watazamaji wake zaweza kumtoa machozi asiyezizoea. Ninachokisifu ni ule utaratibu wa kulitaja bao kabla ya kulicheza.

Suala hili si dogo kama linavyoonekana. Chama kikitekwa na mabingwa, wanaojiburudisha huondoka mmoja mmoja kimyakimya. Kwa mwaka mmoja au miwili chama hung'ara na kuleta vikombe, na mwalimu mkuu hukisifu gwarideni. Kisha mabingwa humaliza masomo na kuondoka, na hapabaki mtu wa kurithi ubao, kwa maana mabingwa wapya hutoka katika umati uleule uliofukuzwa. Kwa upande mwingine, chama kisichomvumilia mwenye bidii humfundisha kijana mwenye kipawa kwamba ni vibaya kujitahidi. Huyo naye ni hasara kwa taifa.

Kwa hiyo ningependa kuwashauri walimu walezi wa vyama mambo machache. Tengeni siku au meza mbili, moja ya kujiburudisha na moja ya mashindano, na kila mwanachama awe huru kuvuka apendapo. Kabla ya mchezo kuanza, wachezaji waulizane waziwazi: je, kete hurudishwa? Saa itatumika? Mazungumzo yanaruhusiwa? Bingwa akiketi na mwanagenzi, ampe nafuu, au ayaeleze makosa mchezo unapokwisha, maana kufundisha nako ni sehemu ya ubingwa. Na tafadhali, msikipime chama kwa vikombe peke yake. Hesabuni pia wangapi walianza muhula na wangapi wangali wanakuja.

Nanyi wanafunzi mnaoipenda methali isemayo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, itafakarini vizuri kabla ya kumtupia mwenzenu aliyenuna. Methali hiyo inamhusu mshindani. Mwenzenu huenda hakukubali kuwa mshindani tangu mwanzo, wala hakuna aliyemwuliza. Mwulizeni kwanza amekuja kushinda kwa maana ipi, ndipo mpange kete.