Salio la melini: pesa ya zawadi inayokufa usiku wa mwisho

Jioni moja, kipindi kilipokwisha, simu ya studio iliita. Alikuwa mama mmoja msikilizaji wetu wa Rombo, amerudi juzi kutoka Marekani alikokwenda kumwona binti yake.

"Mwanangu, hebu niulizie," alisema baada ya salamu. "Pesa yangu ya meli imekwenda wapi?"

Kisa chake ni hiki. Binti yake anaishi Houston, jimbo la Texas. Mama alipokwenda kumtembelea, binti alimlipia safari ya siku saba ya meli ya kitalii. Waliondokea bandari ya Galveston, ambayo haiko mbali na Houston, wakaenda Mexico na Honduras, wakarudi. Wakati wa kukata tiketi kampuni iliwapa ofa: dola 200 za kutumia ndani ya meli. Binti akamwambia, "Mama, hizo ni zako, nunua unachotaka."

Dola 200 kwa hesabu ya kwetu ni karibu shilingi laki tano. Mama hakununua kitu. Chakula kilikuwa bure, chai bure, kitanda anatandikiwa; sasa anunue nini? Akaziacha zote, na moyoni alishapanga kwamba akifika nyumbani zitaezeka jiko lake. Asubuhi ya mwisho akamshika binti yake mkono, wakaenda kwenye dawati la huduma kwa wageni kuzichukua. Wakaambiwa hakuna kitu. Muda wake ulikwisha jana yake usiku.

Alidhani ameibiwa, na sikushangaa. Lakini hakuna aliyemwibia. Masharti ndivyo yalivyokuwa, ila hakuna aliyemsomea.

Najua wapo watakaouliza redio ya mkoa inahusika vipi na meli za starehe. Inahusika. Wengi wenu mna watoto Marekani, Uingereza, Canada na Uarabuni, na siku hizi zawadi ya safari ya meli kwa mzazi si jambo la ajabu. Wapo pia vijana wa pwani yetu wanaofanya kazi ndani ya meli hizo hizo, na pesa tunayoizungumzia hapa inawagusa mfukoni.

Salio hili ni kitu gani hasa? Wote tunaolisikiliza hili kwa simu tunajua bonasi ya mtandao. Unaweka vocha ya elfu moja, unapewa dakika za nyongeza za siku tatu. Dakika zile ni zako, unapiga nazo, lakini huwezi kwenda kwa wakala ukasema nitolee hizi dakika nipe hela. Zikipita siku tatu zimekufa, hata kama hukupiga hata mara moja. Salio la melini mara nyingi ni la namna hiyo. Kampuni inaandika kwenye akaunti yako ya ndani ya meli kwamba una dola 50, 100 au 200, na kila unaponunua kitu melini linapunguzwa salio hilo kwanza.

Ndani ya meli hizi kwa kawaida hakuna kulipa kwa noti. Siku ya kupanda unapewa kadi ambayo ndiyo ufunguo wa chumba na ndiyo pochi yako. Ukinywa soda dukani au baa, unagusisha kadi, deni linaandikwa. Deni likizidi salio, kiasi kilichozidi hukatwa kwenye kadi ya benki iliyosajiliwa siku ya kwanza. Na kwa wazazi wetu, kadi hiyo mara nyingi ni ya mtoto. Kwa hiyo mama akikosea, anayelia ni binti.

Hapo kwenye kadi ya benki niseme jambo moja kabla sijaendelea. Ukisajili kadi ya kawaida ya akaunti ya akiba, siyo ya mkopo, meli inaweza kuzuia kiasi fulani cha pesa yako kila siku kama dhamana, na benki ikachukua siku kadhaa kukiachilia hata baada ya safari. Unajikuta uko bandarini, una pesa, lakini haitoki. Kampuni nyingi zinakubali uweke amana ya fedha taslimu badala ya kadi, na hiyo ikibaki unarudishiwa. Kwa mzazi mwenye akaunti ndogo, mimi ningechagua amana.

Turudi kwenye salio. Liko la aina mbili, na tofauti yake ndiyo iliyomwacha mama wa Rombo bila mabati.

Aina ya kwanza hairudishwi. Hii ndiyo inayotolewa kama ofa ya kuvutia wateja, au kama shukrani kwa aliyewahi kusafiri nao, au kwa aliyekata tiketi ya safari ijayo akiwa bado melini. Kampuni ya Carnival kwa miaka mingi imekuwa ikiwapa hata wanahisa wake wenye hisa 100 na kuendelea. Usipolitumia hadi usiku wa mwisho, limerudi kwa mwenyewe, yaani kampuni. Aina ya pili hurudishwa: ikibaki, unapewa taslimu au inarudi kwenye kadi. Mara nyingi hii ni pesa iliyokuwa yako tangu mwanzo. Kwa mfano, meli ikishindwa kutia nanga kwenye bandari fulani kwa sababu ya dhoruba, ushuru wa bandari uliokuwa umelipia hurudishwa kwenye akaunti yako ya melini. Salio la wakala wa safari linaweza kuwa la aina yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo lazima uulize.

Swali la kuuliza ni fupi, na aliulize mtoto kabla ya kulipia: likibaki, linarudishwa au halirudishwi? Aombe jibu kwa maandishi. Aulize pia kama ni la chumba kizima au la kila mtu. Matangazo huandika dola 200 kwa herufi kubwa, na chini kwa herufi za sisimizi yanaandika kwamba ni kwa chumba. Mkiwa wawili, kila mmoja ana 100. Na aangalie ni pesa ya nchi gani: meli za Marekani hutumia dola, lakini nyingi zinazozunguka Bahari ya Mediterania hutumia yuro.

Sasa jambo ambalo lingemwokoa mama yetu. Ni bakshishi.

Kwenye meli nyingi za Marekani bakshishi haiachwi mezani kwa hiari kama kwenye mgahawa. Inaandikwa yenyewe kwenye akaunti ya kila abiria, kila siku. Kwa kampuni kubwa, chumba cha kawaida, ni kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku. Chukua hiyo ya chini: dola 16, watu wawili, siku saba. Inakuwa dola 224. Hiyo ni pesa ambayo ungelipa tu, upende usipende, hata kama safari nzima ungelala chumbani.

Nilimuuliza mama, bakshishi yenu ililipwa vipi? Akampigia binti, akarudi na jibu: ililipwa mapema, pamoja na tiketi, kutoka kwenye kadi ya binti. Binti alifanya hivyo kwa nia njema, ili mama asisumbuliwe na bili. Lakini angeiacha isubiri melini, salio la dola 200 lingeingia lenyewe kulipa bakshishi, na deni lililobaki lingekuwa dola 24 tu. Ile 224 aliyoitoa mapema kwenye kadi yake ingebaki kwake. Angeweza kumpa mama dola 200 taslimu mkononi, na jiko likaezekwa. Yaani pesa isiyotoka ingelipa bili isiyokwepeka, na pesa inayotoka ingekuja Rombo.

Kampuni nyingi zinaruhusu hivyo, ila siyo zote na siyo kwa kila aina ya salio. Lipo salio lililofungwa kwa kazi moja, kama la matembezi ya nchi kavu peke yake. Ndiyo maana nasema kuuliza kwanza. Lakini kama linaruhusiwa, mimi sioni matumizi bora kuliko hayo.

Kuna abiria wanaofanya kinyume. Wanakwenda dawatini kuomba bakshishi ifutwe, kisha salio lote wanaliingiza kwenye vinywaji. Baadhi ya kampuni zinakubali kuifuta. Mimi sipendi. Wahudumu wa vyumba na meza kwenye meli hizi wengi ni watu wa Ufilipino, India na Indonesia, na siku hizi utawakuta vijana wa Kenya pia. Wanakaa baharini miezi sita, minane, mbali na watoto wao, na bakshishi ni sehemu kubwa ya wanachotuma nyumbani. Anayekutandikia kitanda huenda ni mtoto wa jirani wa mtu unayemfahamu Mombasa.

Kama bakshishi imeshalipwa na salio bado lipo, basi litumie, tena usingoje siku ya mwisho. Siku ya mwisho kila mtu anakumbuka salio lake, duka linajaa kama gulio, unaishia kununua saa ya mkononi usiyoihitaji na kofia yenye jina la meli. Intaneti ya melini ni ghali na hulipiwa kwa siku, lakini kwa mzazi mwenye wajukuu kijijini, kununua siku moja ya kupiga video si hasara. Dobi wa meli pia anakubali salio. Matembezi ya nchi kavu yanayouzwa na meli yenyewe nayo yanalipika kwa salio, na kwa mtu mzima asiyejua lugha ya mahali ni salama zaidi, kwa sababu kundi la meli likichelewa meli hulisubiri. Ukienda peke yako na teksi ukachelewa, inaondoka.

Jihadhari na nyongeza. Soda, juisi, kusugua mwili na huduma nyingi za namna hiyo huongezwa asilimia 18 hadi 20 juu ya bei iliyoandikwa. Kitu cha dola 10 kinakuwa 12. Picha wanazokupiga ukiwa umevaa vizuri ni nzuri kweli, lakini bei yake itakutoa jasho. Na wale wajanja wanaodhani watalipeleka salio kwenye kamari, walibadilishe kuwa vipande vya kuchezea kisha wavigeuze noti, kampuni zilishawazoea. Salio la ofa kwa kawaida halikubaliwi huko.

Akaunti iangaliwe kila jioni. Inaonekana kwenye runinga ya chumbani au kwenye programu ya simu ya kampuni, na asiyejua kusoma Kiingereza aende dawatini aombe karatasi. Makosa hutokea: salio lililoahidiwa halijaingia kabisa, au umeandikiwa kinywaji cha chumba cha jirani. Siku ya kwanza na ya pili ni rahisi kurekebisha. Asubuhi ya mwisho foleni inazunguka ukumbi na meli inataka mshuke.

Halafu kuna hili ambalo watoto wetu walioko huko ndio wanapaswa kulipima kabla hata ya safari kuanza. Tiketi yenye salio la dola 200 inaweza kuwa ghali kwa dola 250 kuliko tiketi ya chumba kile kile isiyo na salio. Hapo hujapewa zawadi, umejinunulia vocha yako mwenyewe kwa bei ya juu. Bei mbili ziwekwe pamoja, iondolewe bakshishi, ndipo ichaguliwe.

Nilipompigia mama kumweleza haya yote alisikiliza kimya, kisha akacheka kidogo. Alisema binti yake amemwahidi safari nyingine, meli nyingine. Ameshamjibu kwamba salio akae nalo yeye huko huko, alipe nalo hao wanaotandika vitanda. Mabati atayapokea kwa simu.