Ziwa Kivu: Taa gani inafaa mfuko wa mvuvi wa sambaza?

Kwenye Ziwa Kivu, sambaza huvuliwa kwa mwangaza. Usiku wa giza, mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu hushusha wavu, taa zinawashwa, na samaki hao wadogo, walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanapanda juu.

Mvuvi anayetafuta taa ana njia mbili. Taa ya petroli ni ya bei ndogo siku ya kununua, lakini inadai petroli kila usiku, na kioo chake kikiwa cha moto hupasuka kwa matone ya mvua. Taa ya LED hainywi petroli, ila inahitaji batri, na batri ndiyo inakula pesa.

Kabla ya kulipa, inafaa kupiga hesabu. Taa tatu za wati 10, zikiwaka kwa saa 10, zinamaliza ampea-saa 25 za batri ya volti 12. Batri ya gari ikikaushwa kabisa kila usiku hufa haraka. Kwa hiyo inatakiwa yenye ampea-saa 50 hivi. Ile ndogo ya bei rahisi inaweza kuzima saa nane ya usiku, wavu ukiwa bado majini.

Mwenye pesa kidogo anaweza kuanza na taa moja ya LED na batri ya ampea-saa 20, huku zingine zikibaki za petroli, kisha aweke kando pesa anayookoa. Maana petroli inaungua hata usiku ule wavu unatoka mtupu.