Njegere Ipi Ipandwe Nyuma ya Jiko?

Akina mama wa milimani tunaijua njegere kwanza kama fedha. Wakati wa mavuno magunia huondoka Mlola kwa gari hadi Lushoto mjini, yakateremka Soni na Mombo, yakafika Tanga na Dar es Salaam. Hatuna ugomvi na biashara hiyo. Sare, madaftari na sabuni hutoka humo. Lakini sisi tunaopima watoto siku za kliniki, na ambao baada ya ibada hukaa na akina mama wenzetu kuzungumzia chakula cha nyumbani, tunaona jambo moja kila msimu: nyumba yaweza kuvuna magunia matatu ya njegere, na mtoto wa nyumba hiyo asionje ila zile zilizomwagika uani.

Katika Mwanzo sura ya 25, Esau aliiuza haki ya mzaliwa wa kwanza ili apate chakula cha dengu. Huku kwetu mambo yamegeuka: chakula ndicho kinachouzwa, na mzaliwa wa kwanza anabaki na ugali na kabichi.

Si jambo dogo. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Gramu 100 za kabichi zina protini gramu 1 na ushei tu. Njegere mbichi kiasi hicho hicho zina gramu 5 hivi, pamoja na vitamini C, na zikikauka hufika gramu 20 na zaidi. Mama asiye na mbuzi wala kuku wa kuchinja ana nyama yake pale pale kwenye tuta.

Wengi hawafikirii kwamba aina ya mbegu huamua nani ataila njegere. Njegere fupi haifiki kiunoni na haihitaji vijiti vingi. Huanza kuvunwa siku 60 hadi 70 baada ya kupandwa, na maganda yake hukomaa karibu kwa pamoja. Mchuuzi anaipenda kwa sababu hiyo: anakuja mara mbili, anajaza magunia, kazi imekwisha. Kwa sufuria ya nyumbani sifa hiyo ni hasara. Wiki mbili mnashiba njegere, wiki ya tatu hakuna kitu.

Njegere ndefu huparamia vijiti hata kumpita mtu kimo. Huchelewa, miezi 3 hivi kwa baridi yetu, lakini ikianza hutoa maganda ya chini kwanza, kisha ya katikati, kisha ya juu, kwa mwezi mzima au zaidi, mradi usiache kuchuma. Leo bakuli moja, keshokutwa bakuli jingine. Mchuuzi hana haja na bakuli moja, na hapo ndipo penye faida ya mama! Kwa bustani ya nyuma ya jiko, hii ndiyo tunayoipendekeza. Gharama yake ni vijiti, na pia ule unga mweupe unaoshika majani mvua zikikatika, kwa maana mmea unakaa muda mrefu. Acha nafasi ya hatua moja kati ya mstari na mstari ili upepo upite.

Iko pia ile inayoliwa pamoja na ganda lake lingali bapa. Ni tamu, haina kazi ya kumenya, na watoto huitafuna ikiwa mbichi. Panda mistari miwili ukiipata. Ila ikichelewa kuchumwa siku chache tu ganda huwa gumu.

Kabla ya kununua, mimina mbegu kiganjani uziangalie. Za mviringo laini huvumilia udongo wa baridi na unyevu, na zikikauka hufaa kwa makande. Zilizokunjamana ni tamu zaidi zikiwa mbichi, lakini huoza upesi ardhini mvua zikizidi. Tofauti hiyo ndiyo aliyoichunguza mtawa Gregor Mendel katika bustani ya monasteri yake huko Brno, kuanzia mwaka 1856, na kutoka kwenye njegere zake dunia ikajifunza jinsi watoto wanavyorithi sura za wazazi. Mbegu ya dukani yenye rangi ya kupakwa ina dawa. Isipikwe hata kama imebaki.

Dada zetu wa tambarare za Mnazi wasihangaike na njegere, maana joto hupukutisha maua yake. Kwao kunde na mbaazi ni bora, na lishe yake haipungui.

Huku juu panda masika yanapoelekea kwisha, ili mmea uchanue wakati wa baridi. Njegere hujitengenezea naitrojeni kwa vinundu vya mizizini, kwa hiyo usipoteze fedha kwa yurea. Utapata majani mengi na maganda machache. Fukia majani ya tughutu wiki kadhaa kabla. Wazee wa Usambara waliyajua zamani, na wataalamu wa udongo waliofanya kazi na wakulima wa Kwalei wakayasifu.

Zungumza na baba watoto mapema, kabla ya jembe kuingia: shamba la bondeni ni la gunia, matuta haya matatu ni ya sufuria. Likisemwa baada ya mchuuzi kugonga mlango huwa ugomvi.

Chuma jioni upike jioni hiyo hiyo, kwa maana utamu hugeuka wanga kila saa zinapokaa. Mtoto aliyetimiza miezi 6 apondewe zilizoiva laini, zichujwe maganda, zichanganywe na viazi na tone la mafuta, huku akiendelea kunyonya. Na chai, hata kama inalimwa mlango wa pili, ingoje saa moja baada ya chakula, kwani huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Mama mjamzito alizingatie hilo hasa.

Mbegu ya msimu ujao usiichukue kwenye masalia. Chagua mimea sita yenye afya, ifunge kitambaa chekundu, na mtu asiichume hata ganda moja. Njegere hujichavusha yenyewe, hivyo watoto wake watafanana nayo hata kama jirani amepanda nyingine. Acha maganda yakaukie juu ya mmea, uyapukuchue, uzianike mpaka jino lisiache alama, kisha uzitie kwenye chupa kavu yenye kizibo. Chupa moja ya soda yatosha matuta matatu.