Je, Wajua? Kuku Mwenye Kidonda Hudonolewa na Wenzake

Tone dogo la damu mgongoni mwa tetea latosha kuvuruga banda zima. Kuku huona rangi vizuri, na nyekundu huwavuta kudonoa. Mmoja akianza wengine hufuata, hata wanawe, na wasipozuiwa wanaweza kumuua.

Kwa hiyo mtoe mara moja. Osha kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, pekua manyoya uone kama nzi wametaga, kisha mpulizie ile dawa ya bluu ya vidonda vya mifugo. Mbali na kuua vijidudu, huficha ule wekundu. Muulize aliyekuuzia dawa hiyo ni kwa siku ngapi mayai yasiliwe. Oili chafu na mafuta ya taa, ambayo bado yana mashabiki wengi mno, huunguza ngozi tu.

Wengi hukosea hapa: humfungia mgonjwa chumba cha mbali. Kuku wana vyeo, nani ale kwanza na nani ampishe nani, kama alivyoeleza Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe katika miaka ya 1920. Aliyetoweka siku nyingi hupokewa kama mgeni, yaani kwa kipigo. Mweke kwenye tenga au nyuma ya wavu, mle mle bandani, wamwone lakini wasimfikie. Maji na chakula viwe karibu.

Kidonda kikishapona kabisa, mrudishe usiku wenzake wakiwa wamelala, na alfajiri uwahi kuwatazama kabla hawajaanza kugombana.