Mkoba Uliosahauliwa Stesheni

Mjukuu wangu ana filimbi ya plastiki yenye rangi ya maziwa, ile ambayo mwalimu wake huiita rekoda. Alinunuliwa alipoingia Gredi ya 4, kama watoto wengi wa Kenya wa mtaala huu mpya. Kila jioni akishakula hukaa kizingitini na kuanza kupuliza. Noti ya kwanza hutoka vizuri, ya pili vizuri, ya tatu hulia kama paka aliyekanyagwa mkia. Jirani yetu hufunga dirisha, na mimi simlaumu.

Juzi akaniuliza, "Babu, hiki kitu kilitoka wapi?"

Nikamwambia akae vizuri, maana jibu lake ni hadithi, na ndani ya hadithi hiyo yumo mtoto mdogo kuliko yeye aliyesahau mkoba.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Haya basi. Mwaka ni 1919, mahali ni stesheni ya Waterloo, London. Vita vikuu vimekwisha mwaka uliotangulia. Familia moja inarudi nyumbani kutoka kwenye onyesho la muziki, imebeba vyombo vya kila namna. Baba anaitwa Arnold Dolmetsch, mzee wa ndevu mwenye miaka zaidi ya 60. Kitinda mimba wake ni Carl, miaka 7, na mkoba uko mikononi mwake. Mnajua mambo ya stesheni: watu wanasukumana, filimbi ya mlinzi inalia, mama anahesabu mizigo. Treni ikaondoka. Mkoba ukabaki pale jukwaani.

Ndani ya mkoba mlikuwa na filimbi ya mbao iliyotengenezwa na Bressan, fundi Mfaransa aliyefanya kazi London miaka 200 kabla ya hapo. Arnold alikuwa ameinunua mnadani mwaka 1905.

Mjukuu wangu akaruka, "Si angenunua nyingine?"

Hapo ndipo penye utamu. Hakukuwa na duka la kuinunua. Wakati ule karibu hakuwapo fundi aliyekuwa akizitengeneza, na waliojua kuzipuliza walihesabika kwa vidole.

Ajabu ni kwamba zamani zilijaa tele. Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alipofariki mwaka 1547, mali yake ilihesabiwa, zikakutwa filimbi za aina hii 76. Huko Utrecht, Uholanzi, aliishi kipofu mmoja, Jacob van Eyck, mpiga kengele za kanisa. Mwaka 1649 wakubwa wake walimwongezea mshahara kwa sharti kwamba jioni awapulizie filimbi watu waliokuja kupunga upepo katika kiwanja cha kanisa. Ukitaka kuipata picha hiyo, fikiria Forodhani ya Unguja magharibi inapoingia, halafu mtu analipwa na serikali ili apulize tu. Mimi kazi hiyo ningeiomba.

Sasa chukua rekoda yako uitazame mdomoni. Mna kijia chembamba kinachoelekeza pumzi yako. Pumzi hupita humo, ikatoka kwenye kidirisha kilicho juu na kugonga ukingo mkali kama wa kisu. Hewa hupasuka pale, nusu huku nusu kule, haraka mno, na mtikisiko huo ndio sauti. Kwa mbele kuna matundu 7, na nyuma kuna moja la kidole gumba. Huhitaji kujifunza kubana midomo kama mpiga tarumbeta, maana kazi ngumu fundi amekwisha kukufanyia.

Lakini urahisi huo una deni. Ukipuliza kwa nguvu ili usikike mbali, sauti haiongezeki ukubwa tu, hupanda juu na kuharibika. Ndiye yule paka aliyekanyagwa mkia. Kumbi za Ulaya zilipokua na makundi ya wapigaji kuongezeka, watu walitaka vyombo vinavyoweza kunong'ona na kunguruma. Filimbi inayoshikwa kwa ubavu ilikuwa na uwezo huo, hii yetu haikuwa nao. Katika karne ya 18 ikaanza kuachwa, mpaka ikaishia kwenye makabati ya vioo ya majumba ya makumbusho.

Arnold hakupenda vyombo vya kutazamwa kwenye vioo. Alizaliwa mwaka 1858 katika mji wa Le Mans, Ufaransa, kwenye ukoo wa mafundi wa piano na vinanda vya kanisa, kwa hiyo randa na patasi alizijua tangu utotoni. Baadaye akaenda London kusoma na kufundisha muziki. Mwaka 1889, katika maktaba ya British Museum, akakuta rundo la muziki wa karne za nyuma ambao karibu hakuna aliyekuwa akiupiga. Wakubwa wa muziki wa wakati ule waliuona kama mtoto anayetambaa, kwamba mtu mzima ni muziki wao wenyewe. Arnold akasema la, nyinyi mnaupiga kwa vyombo visivyo vyake. Nani angelisifu taarabu baada ya kuisikia ikipigwa kwa tarumbeta za polisi?

Akaanza kuvitengeneza. Mwaka 1893 alimaliza luti, chombo cha nyuzi chenye tumbo la mviringo. Watoto wa Pwani wakikiona watasema hilo ni udi, na hawajakosea sana: luti ni kizazi cha udi uliopelekwa Ulaya na Waarabu, na hata jina lake limetokana na lile la Kiarabu. Kisha akaunda vinanda ambavyo ndani yake nyuzi hukwanyuliwa kwa kijiti chenye ncha ya unyoya, hazigongwi kwa nyundo kama za piano. Filimbi, hata hivyo, hakuwa amezigusa. Alikuwa na ile ya Bressan, ikimtosha.

Mpaka ule mkoba uliposahauliwa.

Wakati huo familia ilikuwa imehamia Haslemere, mji mdogo wa vilima na miti ulio zaidi ya kilomita 60 kusini-magharibi mwa London. Walikimbilia huko mwaka 1917, ndege za Wajerumani zilipokuwa zikiangusha mabomu jijini. Arnold akaingia karakanani na kukereza mti. Majaribio ya kwanza yalitoa milio ya ajabu. Tundu likiwa dogo kidogo noti inashuka, likiwa kubwa kidogo inapanda, na ule ukingo wa kidirisha ukipotoka unene wa karatasi filimbi inakuwa bubu. Siku moja ikatoka sauti yenyewe. Kwa mara ya kwanza baada ya vizazi kadhaa, rekoda mpya ilikuwa imezaliwa Uingereza.

Mwezi wa Agosti 1925 mzee akaanzisha msimu wa maonyesho hapo hapo Haslemere, kila kiangazi, muziki wa kale mtupu. Lilikuwa jambo la mji na la nyumba moja. Vyombo vilitoka karakanani kwao. Mke wake Mabel alipiga fidla kubwa inayosimamishwa katikati ya magoti, tena akaonyesha ngoma za kizamani alizozifufua kutoka vitabuni. Watoto, Cecile, Nathalie, Rudolph na Carl, waliweka hiki chini wakashika kile, wimbo baada ya wimbo. Nyuzi zilikuwa za utumbo wa mnyama, na nyuzi hizo hazipatani na unyevu: mvua ikinyesha, zinalegea. Mzee angeweza kusimamisha wimbo katikati, akaanza upya, au akageuka kuzungumza na wasikilizaji kama yuko barazani kwake. Waandishi wa magazeti walinung'unika kwamba maandalizi hayatoshi. Pengine walisema kweli. Lakini mimi ningelipa kiingilio kumsikiliza mtu aliyeliunda kila pande la mti lililo mbele yake, hata akikosea.

Msimu wa pili, 1926, walipanda jukwaani na ukoo mzima wa rekoda. Mmekuwa mkidhani ni hiyo moja ya shuleni? Hiyo ni binti mdogo tu. Yuko dada yake mwenye sauti nzito kidogo, yuko anayefuata, mpaka babu mwenye sauti ya besi, urefu wake unakaribia mita moja. Zikipulizwa pamoja husikii filimbi, unasikia kwaya iliyo mbali.

Mjerumani mmoja, Peter Harlan, naye alifika Haslemere miaka hiyo, akazisikia, akarudi kwao kutengeneza za kwake. Kuna noti moja aliyoiona ngumu, ile F, inayotaka vidole vikae kwa kupishana. Akabadilisha matundu ili ipatikane kirahisi. Ikapatikana, ila jirani yake, F iliyopandishwa nusu toni, akaharibika mpaka leo. Geuza rekoda yako uangalie nyuma: mara nyingi utakuta herufi ndogo, G au B. G ni ile ya mtindo wa Harlan, B ni ya mpangilio wa kale. Hii ndiyo sababu watoto wawili wa darasa moja wanaweza kuweka vidole sawasawa na kutoa sauti zisizoelewana, mwalimu akawagombeza wote wawili bure.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1937 Carl na mwalimu Edgar Hunt wakaanzisha chama cha wapiga rekoda Uingereza. Walimu wakaona chombo hiki ni chepesi, cha bei nafuu na kinaingia kwenye mkoba wa shule. Baada ya vita vya pili zikaja za plastiki, na hizo ndizo zilizovuka bahari mpaka kwenye kizingiti changu. Za mbao bado zinatengenezwa, na baadhi ya zile nzuri ni za mpingo, mti wa kwetu.

Mjukuu wangu alikuwa na swali moja tu. "Yule mtoto alichapwa?"

Hilo sikuweza kumjibu. Nilimwambia ninachokijua: Carl alikua akawa mpuliza rekoda aliyejulikana dunia nzima, na baba yake alipofariki mwaka 1940 ni yeye aliyeushika msimu wa Haslemere, akauongoza zaidi ya miaka 50.

"Na mkoba?"

Filimbi ya Bressan ilikuja kuonekana baadaye katika duka la vitu kuukuu London, ikarudi kwa wenyewe. Lakini ilikuwa imechelewa kuwa ya pekee.

Akaigeuza yake, akatafuta herufi. "G," akasema, na akaanza tena kupuliza. Jirani akafunga dirisha.