Mfungaji wa Magoli Haivi kwa Siku Moja

Wasikilizaji, kila mara timu ya kikosi au ya kituo cha polisi inapochaguliwa kwa mashindano, swali moja hurudi: je, mchezaji aliyekwisha kupita miaka thelathini apewe fulana tena, au ampishe kijana? Katika mpira wa magongo, yaani hoki, jibu hutolewa upesi. Husemwa kwamba kasi imemwondokea, basi na akae pembeni awapigie wenzake makofi. Lakini historia ya mchezo huo yaonyesha jambo jingine. Wako wachezaji walioanza kwa kulinda goli, au waliocheza miaka mingi bila kutajwa miongoni mwa wafungaji, kisha wakaja kuwa tegemeo la timu zao katika kutia mpira wavuni. Yafaa kuchunguza ni kwa sababu gani.

Mfano wa kwanza watoka India, nao wawahusu askari polisi moja kwa moja. Balbir Singh alizaliwa mwaka 1923 katika jimbo la Punjab. Baba yake alikuwa mpigania uhuru aliyepata kutiwa gerezani na Waingereza. Balbir hakuanza kama mshambuliaji. Alipokuwa mtoto alisimama golini akawa mlinda mlango, kisha akasogezwa mbele kidogo akawa beki, na baadaye ndipo alipopelekwa katikati ya safu ya mbele. Sifa zake zilipovuma chuoni, polisi wa Punjab walimtaka ajiunge nao. Yasimuliwa kwamba kijana huyo, akikumbuka yaliyompata baba yake, alikimbilia Delhi, akafuatwa na kurudishwa akiwa na pingu mikononi, ndipo akakubali kuichezea timu ya polisi. Tangu hapo alilitumikia jeshi hilo la polisi kwa miaka mingi na kuwa nahodha wa timu yake.

Katika Michezo ya Olimpiki ya London, mwaka 1948, Balbir alifunga magoli mawili katika mechi ya mwisho ambayo India iliishinda Uingereza kwa 4 kwa 0. Miaka minne baadaye, huko Helsinki, alikuwa na umri wa miaka 28. India ilifunga jumla ya magoli 13 katika mechi tatu, na 9 kati ya hayo yalitoka katika gongo lake. Katika mechi ya mwisho dhidi ya Uholanzi, iliyokwisha kwa 6 kwa 1, peke yake alifunga 5. Mpaka leo hakuna mwanamume mwingine aliyefunga magoli mengi kiasi hicho katika mechi ya mwisho ya hoki ya Olimpiki.

Si vigumu kuona faida aliyoipata mtu huyo kutokana na njia ndefu aliyopitia. Aliyewahi kusimama golini ajua ni mpira gani unaomsumbua mlinda mlango, na ni wakati gani macho yake huzibwa na miguu ya mabeki wake mwenyewe. Aliyewahi kuwa beki ajua ni upande gani beki hupenda kumsukumia mshambuliaji. Askari ataielewa hoja hii bila taabu, kwa kuwa anayejua jinsi handaki linavyolindwa ndiye ajuaye mahali pa kulivamia.

Mfano wa pili watoka katika timu hiyo hiyo. Mwaka 1956, huko Melbourne, Balbir alikuwa nahodha. Katika mechi ya kwanza alifunga magoli matano dhidi ya Afghanistan, lakini akavunjika kidole. Katika mechi ya mwisho, tarehe 6 Desemba, India ilikutana na Pakistan, na nahodha akaingia uwanjani na kidole chake kibovu. Goli likawa gumu kupatikana. Aliyelipata hatimaye hakuwa mshambuliaji. Alikuwa Randhir Singh Gentle, beki, mtu aliyekuwa akilinda ngome ya India tangu Michezo ya 1948. Kwa kona fupi alipeleka mpira wavuni, na India ikatwaa medali ya dhahabu kwa goli hilo moja tu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika hoki, goli halihesabiwi kama mpira haukuguswa na mshambuliaji ndani ya nusu duara iliyo mbele ya goli. Walinzi wakitenda kosa ndani ya nusu duara hiyo, washambuliaji hupewa kona fupi. Kwa kanuni za siku hizi, mchezaji mmoja husukuma mpira kutoka kwenye mstari wa nyuma, umbali usiopungua meta 10 kutoka mlingoti wa goli. Mwenzake huuzuia nje ya nusu duara, na wa tatu huupiga. Upande unaojilinda hubakiza mlinda mlango na watu wanne tu nyuma ya mstari. Waliosalia lazima wangoje ng'ambo ya mstari wa kati mpaka mpira usukumwe.

Katika tendo hilo mbio ndefu hazihitajiki. Yahitajika mikono iliyozoea, jicho tulivu, na moyo usiotetemeka mbele ya watu wanne wanaokuja kwa kasi. Hayo ni mambo yanayoongezeka kwa mazoezi ya miaka. Ndiyo maana katika nchi nyingi kazi ya kupiga kona fupi hukabidhiwa beki. Sohail Abbas wa Pakistan alikuwa beki, lakini alifunga magoli 348 katika mechi za kimataifa, mengi ya hayo kwa kona fupi. Harmanpreet Singh wa India, ambaye pia alikuwa beki na nahodha, aliongoza ufungaji wa Olimpiki ya Paris mwaka 2024 kwa magoli 10, na timu yake ikapata medali ya shaba.

Jambo hili halikomei katika uwanja wa nyasi. Huko Kanada na Marekani huchezwa hoki ya namna nyingine, juu ya barafu, wachezaji wakiwa wamevaa viatu vyenye makali chini ya nyayo. Mchezo huo una kasi kubwa, na mtu angedhani ni wa vijana watupu. Hata hivyo John Bucyk, mzaliwa wa Edmonton, Kanada, aliingia katika ligi kubwa mwaka 1955 na kucheza misimu kumi na mitano bila kupita magoli 31 katika msimu wowote. Katika msimu wa 1970 na 1971, akiwa na miaka 35, aliifungia timu ya Boston magoli 51. Mpaka mwaka 2022, hakuna mtu mwenye umri mkubwa kuliko yeye aliyefikia magoli 50 kwa msimu mmoja katika ligi hiyo.

Miguu ya Bucyk haikuwa imepata nguvu mpya. Alikuwa na wenzake hodari wa kumpatia mpira, na yeye alijua mahali pa kusimama karibu na goli, hasa pale wapinzani walipopungukiwa mtu kwa sababu ya adhabu. Tena mwaka huo huo alipewa tuzo ya mchezaji mwenye uungwana uwanjani. Mchezaji anayetolewa nje kwa utovu wa nidhamu hawezi kufunga. Aliyebaki uwanjani ndiye anayeupata mpira.

Hapa Afrika Mashariki pia hoki si mgeni. Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, huko Barcelona mwaka 1971, na Uganda ilipeleka timu ya hoki katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Beki mashuhuri wa Kenya, Avtar Singh Sohal, alishiriki Olimpiki nne mfululizo, tangu 1960 hadi 1972. Lau angeachwa kwa kuhesabiwa miaka tu, nchi yake ingekosa nahodha wakati ilipomhitaji.

Haya yote hayana maana kwamba kila mkongwe astahili nafasi. Mchezaji mwenye kitambi, asiyefika mazoezini, na anayetegemea cheo begani ili apangwe, huyo aiumiza timu na kuwavunja moyo vijana. Kadhalika, kijana mwenye mbio asizuiwe kwa kuwa hajawa na sifa. Kinachotakiwa kwa mwenye kuchagua timu ni kupima kwa macho yake mwenyewe. Na ampange mkongwe karibu na nusu duara badala ya kumchosha kwa kukimbia pembeni, na ampe mipira ishirini ya kona fupi kila jioni, mbele ya mlinda mlango hodari. Baada ya mwezi mmoja hesabu itasema yenyewe. Zoezi hilo lahitaji magongo, mipira michache na saa moja ya mchana tu.

Wahenga walisema utu uzima dawa. Katika hoki dawa hiyo haifanyi kazi ikiwa imefungiwa kabatini. Sajini aliyelinda ngome ya timu yake kwa miaka kumi huenda anayo magoli ambayo hakuna aliyewahi kumwomba ayafunge, na njia ya kuyajua ni kumpa gongo, kumsimamisha mbele ya goli, na kuangalia mpira unakwenda wapi.