Watoto wa Mlima Iyobo

Haneti ni kata ya wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa jiji la Dodoma. Nchi ni ya Wagogo: uwele na mtama shambani, ng'ombe na mbuzi kwenye vichaka vya miiba, na mvua ya msimu mmoja ambayo ikikataa, imekataa hadi mwakani. Wafanyabiashara wa vito, hata wa nchi za mbali, wanalijua jina la Haneti kwa sababu nyingine. Tangu miaka ya 1980 mlima Iyobo umekuwa ukitoa krisoprasi, jiwe la kijani cha embe changa.

Mtoto aliyekulia karibu na maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, hujifunza mapema namna ya kulitazama jiwe. Likiwa kavu halimwambii kitu. Hulilamba, au hulichovya kwenye kopo la maji, kisha huliinua juani na kulizungusha taratibu akitafuta ufa. Wala haliachi huko juani: krisoprasi nyingine hupauka zikikaa sana kwenye joto, kwa hiyo mwenye mzigo mzuri huufunga kwenye kitambaa kibichi. Hayo hayamo kwenye mtaala wa shule yoyote.

Somo la pili ni la uso. Gunia la mtama lina bei inayojulikana mnadani. Jiwe halina bei mpaka watu wawili wakubaliane. Dalali mzoefu hulitupia jiwe jicho moja, la pili akamtupia mwenye jiwe. Ana njaa? Ana deni dukani? Basi mtoto wa machimboni huzoea kuficha furaha na shida kwa pamoja, na wa kwanza kutaja bei hawi yeye. Wageni huwaona vijana wa namna hii wajanja kupita kiasi, pengine waongo. Si haki. Wamelelewa kwenye soko ambalo mwenye kusema sana ndiye anayepunjwa.

Kisha kuna suala la ujira. Kwenye uchimbaji mdogo, kuanzia machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani hadi vilima vya Dodoma, anayeshika sururu na tindo mara nyingi hana mshahara. Mwenye duara hutoa chakula na vifaa, wachimbaji, wale wanaoitwa manaapolo, hutoa jasho, na jiwe likitoka ndipo hugawana, kila mtu na fungu lake. Lisipotoka, wamekula ugali na maharage, basi. Nyumbani mama anakopa mchele na mafuta, na mwenye duka anaandika kwenye daftari: italipwa mzigo ukitoka. Mtoto anayekua akiliona daftari hilo hapimi maisha kwa mwisho wa mwezi. Anapima kwa mzigo.

Kinachoshangaza ni jinsi mambo haya yalivyoshikana na mila za Ugogo bila kuzing'oa. Masika maduara hujaa maji na mashamba yanataka mikono. Kiangazi shamba limelala, na ndipo shimo huchimbika. Kiangazi hicho hicho, baada ya mavuno, ndiyo majira ya jando na ya ngoma. Kijana hahitaji kuchagua kati ya jembe na sururu, maana kalenda imekwisha kumchagulia. Na fedha ikipatikana? Bia na pikipiki zina sehemu yake, hilo halina ubishi. Lakini kwa mzee wa Kigogo mali inayohesabika bado ni ng'ombe, na mwanaanthropolojia Peter Rigby alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1969 jinsi mifugo hiyo inavyofunga mahari, undugu na ujirani. Jiwe lililogeuzwa ndama limeingia ukoo.

Hata ugeni si jambo jipya hapa. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipokatiza Ugogo kwenda Tabora na Ujiji, watemi walidai hongo, yaani ushuru wa njia, kabla ya kuiruhusu kuteka maji na kupita. Watu wenye mali za kupita, wanaokuja kwa kelele na kuondoka, Wagogo wanawafahamu tangu zamani. Watoto wao wamewaongezea tu majina ya utani.

Siku hizi wageni huja kwa rashi, yaani mmiminiko wa watu wanaokimbilia madini yaliyogunduliwa. Kubwa mojawapo ilikuwa Winza, wilayani Mpwapwa. Mwishoni mwa 2007 habari za rubi zilienea, na ndani ya miezi michache maelfu walikuwa wamejaa kando ya kijiji hicho. Mawe yake yalifika hadi masoko ya Ulaya na Asia. Miaka michache baadaye umati ulikuwa umekwisha kutawanyika. Msumbiji nako, rubi zilipogunduliwa Montepuez mwaka 2009, Watanzania wengi walifuata, na mwaka 2017 wakafukuzwa. Kijana wa machimboni huijua jiografia ya Afrika Mashariki kwa mpangilio wa rashi.

Mwadui ilikuwa habari nyingine. Huko Shinyanga, baada ya John Williamson kugundua almasi mwaka 1940, ulijengwa mji wa kampuni wenye uzio, shule na hospitali yake. Mtoto wa huko alijulikana kwa kazi ya baba yake. Wa maduarani hujulikana kwa alichowahi kupata, au kwa alichokikosa kidogo tu, maana hadithi za kukosa ndizo zinazosimuliwa zaidi.

Tofauti hiyo si ya zamani tu. Kinachoipa krisoprasi ukijani wake ni nikeli, na nikeli hiyo imeleta Haneti kampuni za utafiti zenye mitambo ya kuchoronga, wakati dunia inaitafuta kwa ajili ya betri za magari. Krisoprasi huingia mfukoni. Mtoto wa chekechea anaweza kuiokota njiani na babu yake akaiuza. Nikeli haiokotwi. Inataka mkataba, cheti, kofia ngumu na mshahara wa mwisho wa mwezi. Vijana waliofundwa kunyamaza mbele ya dalali watalazimika kujieleza mbele ya ofisa mwajiri, na wenye maduka watahitaji daftari la aina nyingine.